Siku Niliyoshusha Mashu ya Mama Mkwe

Watoto walianza kunisumbua mwezi wa saba. Jirani wa kushoto wamepanda meli kwenda Bukavu. Jirani wa kulia wamevuka mpaka, wako Gisenyi, upande wa Rwanda, wanacheza mchangani. Na sisi je, papa? Sisi, nikajibu kabla sijafikiri, tunakwenda vakansi, likizo, milimani. Wakarukaruka. Mkubwa akauliza kama tutapanda Nyiragongo hadi juu, mita 3,470, tukachungulie lile ziwa la moto. Nikamwambia mlima tutauona kwa karibu. Sikudanganya. Nilikuwa nimeamua twende Kibumba kwa mama mkwe, na ukiwa Kibumba Nyiragongo iko hapo hapo, inakutazama kila unapokwenda chooni.

Kibumba ni kilomita 20 na kitu kutoka Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, barabara ya Rutshuru, safari yote ni kupanda. Ilikuwa Agosti 2019, na tarehe hiyo muikumbuke kwa sababu itanirudia. Ebola ilikuwa imeingia Goma katikati ya mwezi wa saba. Hakuna barieri, kizuizi cha barabarani, isiyokuwa na ndoo ya maji ya klorini, na pembeni mtu wa kukuelekezea kile kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso. Tulinawa mikono njiani hadi vidole vikanyauka kama vya mtu aliyeshinda ziwani.

Vakansi yenyewe, kwa kweli, ilikuwa baridi. Baridi ya Kibumba haibishi hodi. Halafu maji: kiangazi mapipa yamekauka, na ardhi ya volkano ni chujio, mvua yote inapotelea chini, hakuna mto wala kijito, watu wanaishi kwa maji ya mabati. Mimi niliyezoea kujimwagia ndoo nzima nikapewa maji ya kuoga kwenye bakuli. Usiku tulikaa nje tukitazama anga jekundu juu ya mlima, meno yakigongana, na kitinda mimba wangu akauliza swali ambalo sijapata jibu lake hadi leo: "Papa, kama mule ndani kuna moto, mbona hautupashi?"

Sasa niungame. Mimi ni karani wa depo ya simenti. Kazi yangu ni kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka, na kuwagombeza chukuderi, waendeshaji wa chukudu. Kama hujawahi kufika Goma: chukudu ni kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, unasukuma kwa mguu, kinabeba mzigo unaoweza kumshinda punda. Mji mzima umepanda juu ya hicho chombo, ndiyo maana tumekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Basi miaka yote nimesimama mlangoni pa depo na kalamu sikioni nikiwaambia wale vijana: "Umechelewa! Kwani kuteremka tu kuna ugumu gani? Chombo kinajiendesha!"

Usiku wa tatu, tumekaa kwenye moto, viazi vinachomeka, mtoto wa jirani akapita anachechemea. Ndiye anayemshushia mama mkwe mashu yake, yaani kabichi, sokoni, lakini kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama papai. Mama mkwe akasikitika. Mashu yalikuwa yamekwisha kukatwa, yamerundikwa chini ya mkaratusi, yanangoja kunyauka.

Na mimi, nani alinituma, nikasema: "Ah, chukudu! Ujana wangu wote nimeumalizia juu ya chukudu."

Ukweli ni kwamba nimepanda chukudu mara moja, nina miaka 11, uani kwa mjomba, na nilisimamishwa na ukuta.

Mama mkwe akageuza uso polepole. Huyu mama hasemi maneno mengi, na tangu nimuoe binti yake sijawahi kumwona akinitazama hivyo, kama mtu anayeona kwamba ile mahari huenda haikuwa hasara. "Basi mukwe wangu," akasema, "kesho utanishushia."

Mkwe unamkatalia vipi mama mkwe mbele ya moto wake, kiazi chake kiko mdomoni? Nikamtazama mke wangu aniokoe. Anaijua hadithi ya ukuta. Alikuwa anageuza kiazi kwenye majivu kwa utulivu mkubwa, na hakusema neno. Kimya kile nakifahamu. Ni kimya cha mtu aliyeshika tiketi ya mpira.

Asubuhi mashu yakahesabiwa na mwenyewe: 64. Yakafungwa kwenye saki mbili za wavu, yakakazwa kwa kamba ya mpira. Yule kijana akaja kunionyesha chombo chake. Hapa unaweka goti, pamegongomelewa kipande cha kandambili ili goti lisichubuke. Hapa nyuma, juu ya gurudumu, ndiyo freni: ulimi wa mpira wa tairi ambao unaukanyaga kwa kisigino. "Papa, freni unaigusa kidogo-kidogo," akasema. "Ukiikaza sana inawaka. Usipoikaza ndiyo basi." Nikamwambia najua, najua. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama milima.

Mpango ulikuwa hivi: mimi natangulia, mama mkwe na mke wangu wanafuata kwa motari mmoja, dereva wa pikipiki, tunakutana soko la Virunga. Watoto wakapanga mstari kunipungia. Nilivaa suruali yangu ya kitambaa, ile ya kazini, kwa sababu sikutaka kuingia mjini kama mtu wa mashambani. Na hiyo muikumbuke.

Kilomita za kwanza, ndugu zangu, nilikuwa mfalme. Upepo usoni, Mikeno na Karisimbi upande mmoja, Nyiragongo upande mwingine anafuka moshi wake, akina mama wa makala, yaani mkaa, wananipa njia. Kuku waliruka. Nilimpita mtu wa baiskeli nikamwambia pole. Nilifikiria hata kuimba. Nikajisemea, kumbe miaka yote niliyowagombeza chukuderi nilikuwa na haki, chombo kweli kinajiendesha.

Tatizo lake ni hilo hilo.

Baada ya hapo barabara iliinama zaidi, na mashu 64 yakaanza kuwa na maoni yao. Nikaigusa freni kidogo-kidogo. Haikusikia. Nikaigusa kidogo zaidi. Nikapata harufu ya mpira ulioungua, nikadhani ni kamyo fulani, lori, nikageuka nione, na hapo ndipo nilipoona moshi unatoka kisiginoni kwangu. Soli ya kiatu ilikuwa inayeyuka. Nikaondoa mguu. Chukudu ikashukuru na kuongeza mwendo.

Mbele, barieri. Ndoo za klorini, kamba imekatiza barabara, mstari wa watu kama 20 wanasubiri kunawa mikono kwa nidhamu nzuri kabisa. Nilianza kupiga kelele nikiwa bado mbali. Nilichotaka kusema ni "Ondokeni, sina freni!" Kilichotoka ni "Mashuuu!" tu. Watu wakageuka wakidhani ninauza. Mama mmoja akaniuliza bei gani.

Halafu wakaelewa, mstari ukapasuka katikati kama kitambaa, na mimi nikachagua. Kushoto kuna ndoo na wahudumu, kulia kuna rundo la magunia ya makala. Nikakata gidoni, ule usukani, kulia.

Ile sekunde ya hewani naikumbuka vizuri. Nilisikia kitu kikichanika, sauti ndefu, ya kitambaa kizuri. Kisha pua yangu ikakutana na gidoni, kisha mimi na gunia la makala tukaingiliana. Vumbi jeusi likapanda. Likashuka. Kukawa kimya, isipokuwa shu moja ambalo lilikuwa bado linabingirika kwenye lami, taratibu, bila haraka yoyote, likavuka barabara, likagonga jiwe, likaruka, likatumbukia kwenye ndoo ya klorini. Tumbwi.

Watu wa Goma wanajua: mzigo ukimwagika barabarani, watoto wanatoka hata ardhini, na ukimaliza kujifuta vumbi hakuna mzigo tena. Siku hiyo walitoka pia. Walikuwa wamekwisha kuinama kushika mashu yangu wakati nilipoinua uso. Nilikuwa mweusi kwa makala, nina majani ya shu kwenye nywele, na damu inanitiririka puani hadi kidevuni.

"Baba iko anatoka damu!"

Mwezi ule, neno hilo hukulitamka barieri. Watoto wakayeyuka. Watu wakarudi nyuma hatua kumi. Yule mama wa bei gani akarudi hatua ishirini. Mashu yakabaki yametapakaa barabarani, hakuna aliyeyagusa hata kwa kidole cha mguu. Katika historia ya barabara ile sidhani kama kuna mzigo uliowahi kulindwa vizuri namna hiyo.

Mhudumu mmoja, kijana mwenye glavu na miwani mikubwa, akanikaribia kwa adabu, amenyoosha kibunduki mkono wote. Alikuwa anafanya kazi yake na aliifanya vizuri, simlaumu. "Papa, ni ajali?" "Ni ajali." "Damu ilianza kabla ya ajali ama baada?" "Baada! Ni gidoni!" Akapima. 36.5. Akapumua. "Sawa. Basi simama tukuone."

Sasa hapo.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda nyuma kufanya uchunguzi wake. Suruali ya kitambaa ilikuwa imefunguka kuanzia mkanda hadi karibu na goti, yote, kama pazia la dirisha. Ningeweza kusimama mbele ya mhudumu. Ningeweza kusimama hata mbele ya ule umati, wengi siwajui na mimi nilikuwa mweusi, hawangenitambua. Lakini wakati huo huo nikasikia piki inapunguza mwendo nyuma yao, na sauti ninayoijua ikisema: "Yale mashu si yangu yale?"

Nikavuta shu lililokuwa karibu, nikalikalia.

"Papa, simama," mhudumu akarudia.

"Siwezi."

Hapo umati ukaguna. "Hawezi kusimama!" mmoja akawatafsiria wa nyuma. Wa nyuma wakawaambia wa nyuma zaidi, na kwa jinsi habari zinavyokua Goma, naamini zilipofika mjini nilikuwa nimekwisha kuzikwa. Mhudumu akakunja uso. Mguu umevunjika? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Udhaifu wa mwili? Hapana, nina nguvu zangu zote. Basi simama. Siwezi.

"Tangu lini huwezi?"

"Tangu huyu mama afike," nikasema, kwa sauti ya chini sana. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hadi leo natamani kujua aliandika nini.

Mama mkwe alikuwa amesogea hadi kwenye kamba. Akayatazama mashu. Akanitazama mimi. Akalitazama shu nililolikalia. Mke wangu nyuma yake alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatetemeka, na watu waliomzunguka walikuwa wanampa pole wakidhani analia.

Mama mkwe hakuuliza swali lolote. Mwanamke wa kwetu hasafiri na kitenge kimoja: akafungua kile cha juu, akakifanya bonge, akakirusha juu ya kamba, juu ya mhudumu, kikanitua kifuani. Kisha akageuka, akautazama mlima Nyiragongo kwa muda mrefu kama mtu ambaye hajawahi kuuona. Motari naye akageuka. Umati wote ukageuka. Nilisimama kwa mara ya kwanza baada ya kama nusu saa, nimevaa kitenge cha maua ya njano chenye picha za tausi, nikapewa maji ya kunawa.

Mwenye makala nilimlipa gunia lake. Kwenye ndoo, mhudumu alimwaga maji yote pamoja na shu, na mama mkwe, ambaye hesabu haimpotei, aliuliza la 64 liko wapi. Nikamwonyesha mtaroni. Alitikisa kichwa kidogo. Sokoni habari zilifika kabla ya mashu, motari ana mdomo, na hakuna aliyetaka kununua hata jani. Tulikula mashu sisi. Mashu na bugali, mashu na maharagi, mashu na mashu. Kitinda mimba akauliza kama vakansi imekwisha au bado.

Aliyeyabeba hadi nyumbani ni chukuderi mmoja aliyekuwa anapita pale barieri, na bahati yangu ilivyo, ni wa depo yetu, yule niliyemgombeza wiki moja kabla kwa kuchelewa dakika 40. Alipanga mashu vizuri, hakuniuliza kitu. Alipofika kwangu akatoa karatasi na kalamu, akanipa, mimi nikiwa bado kwenye tausi. "Bosi," akasema, "andika saa niliyofika."

Nikaandika. Alikuwa amewahi.

Kitenge mke wangu alikifua, akakipiga pasi, akakituma Kibumba kwa mtu wa taksi. Wiki mbili baadaye kilirudi, kimekunjwa kwenye kagunia ka viazi, na ujumbe kwa mdomo wa dereva: mukwe abaki nacho, viazi vingine vitakuwa tayari mwezi wa kumi na mbili.