Sikukuu ya kukoma utumwa na ifanyike huku bara

Mwezi uliopita nilikuwa msibani, Iringa vijijini. Jeneza limeshafika makaburini, mtani wetu, mama wa Kingoni, akatelemka shimoni akaketi na kanga yake. "Hazikwi mtu hapa! Huyu alikuwa mtumwa wangu, nilipeni kwanza." Watu wakacheka, ikachangwa elfu tano, akatoka. Ndio utani wa Wangoni na Wahehe, vita vya mababu vilivyogeuka kicheko.

Neno lile limenirudia niliposikia hoja kwamba nasi tuwe na sikukuu ya kukomeshwa utumwa, kama Marekani walivyoifanya 19 Juni kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2021. Naunga mkono. Wanaosema sikukuu zimezidi waifute Sabasaba. Sisi wa nyanda za juu tuna Nanenane yetu pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya.

Wengi watataka tarehe ya 1873, soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilipofungwa. Lakini kufunga soko si kuwaacha watu huru. Zanzibar kwenyewe sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1897, na huku Tanganyika Wajerumani waliondoka bila kuumaliza, mpaka Waingereza walipoufuta 1922. Juzi tu! Bibi aliyemzaa bibi yangu alikuwa ameshaolewa.

Na sherehe zikiishia Bagamoyo na Mkunazini, tutakuwa tumekumbuka mlango tukasahau nyumba walimotolewa watu. Walitolewa huku. Mwaka 1887 Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa kutoka pwani aliyejenga ngome karibu na Karonga, ng'ambo tu ya mto Songwe, aliwashambulia Wangonde, ndugu zao Wanyakyusa wa Kyela. Hapo hakuna mwenye kubisha. Watu hukunja uso ukifika kwa watawala wetu wenyewe, waliovamia majirani na kuteka wanawake na watoto. Wengine tunawaita mashujaa, na kweli walipigana na Mjerumani. Sikukuu isiyoweza kuyasema yote mawili kwa kipaza sauti kimoja, mimi siihitaji. Nitakwenda shambani kupalilia.

Pale makaburini shangazi yangu hakucheka. Tukiwa njiani kurudi akaniambia kwamba bibi wa mama yake aliletwa pale akiwa mtoto, mateka, na hakuwahi kujua kwao ni wapi.

"Kwenye tambiko hatumtaji," akasema, kisha akakaza mwendo, maana wenye zamu ya kupika walikuwa wanamsubiri.