Kabla ya kupima jeni, kinyama cha uvimbe kiingie formalini mapema

Mama mwenye uvimbe wa titi akipewa rufaa ya KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kutoka Rombo au Same, siku hizi haji peke yake. Huja na mwanawe aliyekwisha kusoma mtandaoni, na swali la kijana ni moja: mbona mama hapimwi jeni kama wanavyopimwa Marekani? Swali lake ni la haki.

Kipimo anachokitaja aghalabu ni Oncotype DX. Huangalia jeni 21 kwenye uvimbe, zipi zimewashwa na zipi zimelala, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 100. Utafiti wa TAILORx wa 2018, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa wengi wenye alama za kati hawakufaidika kwa kuongezewa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, juu ya dawa za kuzuia homoni, ingawa kwa walio chini ya miaka 50 baadhi walinufaika kidogo. Kwa mama anayeamka alfajiri kuwahi gari la kwenda Moshi kila baada ya wiki tatu, kuepushwa kemo asiyoihitaji ni nafuu kubwa.

Ila jeni hazisomeki kirahisi. Seli iliyoharibika hubeba amri ya kujiua, na wanasayansi waliliita tukio hilo apoptosisi mwaka 1972. Jeni ya BCL2 huizuia amri hiyo, kwa hiyo ungedhani kuiona kwa wingi ni habari mbaya. Kwenye titi ni kinyume chake. BCL2 huwashwa na estrojeni, homoni ya kike, na wingi wake huashiria uvimbe ambao bado unategemea homoni, ambao vidonge vya tamoksifeni vinaweza kuubana. Jeni ya Survivin nayo huzuia kifo cha seli, lakini kipimo kimeiweka kwenye kundi la seli zinazogawanyika kwa kasi, na hupandisha alama ya hatari. Kazi inafanana, maana ni mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama uvimbe una vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo, na hilo hujibiwa kwa kupaka kipande cha uvimbe rangi maalumu maabara, bila kukisafirisha ng'ambo. Hapo ndipo ninapoegemea.

Nimemwona mtu kwenye benchi la maabara moja, kichupa mapajani, formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, haijafunika hata nusu ya kinyama kilichokatwa wilayani siku nne nyuma. Kinatakiwa kizame ndani ya saa moja. Kikiharibika, vipokezi vilivyopo vinaweza kusomeka havipo, na mama akakosa tamoksifeni, dawa ya bei nafuu, akabaki na kemo tu. Kinyama hicho hata kipimo cha jeni hakikifai, maana RNA yake, yaani nakala za jeni ambazo kipimo husoma, imeshaoza.

Wanaodai jeni wana hoja moja isiyonipa usingizi: utafiti ule wa TAILORx ulijaa wanawake weupe, na tusipopima wetu, alama hizo zitaendelea kukadiriwa bila wao. Nakubali. Lakini kipimo chenyewe ni cha saratani ya mapema yenye vipokezi vya homoni na isiyo na wingi wa HER2, protini inayochochea uvimbe kukua, nasi wengi wetu tunafika tumechelewa.

Kijana yule ningemwomba aanze na maswali mawili: kinyama cha mama kiliingia formalini saa ngapi, na majibu ya vipokezi yametoka?