Mgogoro wa nafsi kwenye filamu: usemwe au uonekane?

Tuchukue fundi wa kalafati, yaani mzibaji wa nyufa za vyombo vya mbao, kwenye ufukwe wa Bagamoyo. Jahazi analoziba litashushwa kesho, maji ya bamvu, yale makubwa kuliko ya siku nyingine, yakijaa. Ameshalipwa, na fedha yote imekwenda kwenye ada ya mtoto. Sasa chini ya mkono wake kuna ubao uliooza. Akisema, tajiri atadai fedha yake. Akinyamaza, watu watasafiri na chombo hicho. Huo ndio mgogoro wa nafsi: kila njia ina gharama. Mhusika anayechagua kati ya wema mtupu na uovu mtupu hana mgogoro, ana mahubiri.

Wapo wanaotaka fundi huyu apewe sauti ya ndani, na wana hoja nzito. Watazamaji wengi wanatazama kwenye simu au kwenye kibanda umiza chenye makelele, ambako kope ikicheza hakuna anayeiona. Tena watu wa pwani wamelelewa na hadithi za kusimuliwa. Sauti ya msimulizi haiwatishi. Tatizo huanza sauti inaporudia picha. Fundi anatazama uozo, sauti inasema, "Ubao umeoza, nifanye nini?" Mtazamaji ameshaona! Sauti hiyo ingefaa kama ingemdanganya mwenyewe: "Mbao hizi ngumu, hazina neno." Macho yaone hili, masikio yasikie lile. Sentensi mbili zinatosha, zirekodiwe kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro, mdomo ukiwa kama sentimita 15 kutoka kwenye maikrofoni, na mwigizaji anong'one badala ya kusoma.

Upande wa pili unategemea jaribio linalojulikana sana la mwongozaji filamu Mrusi, Lev Kuleshov, la miaka 100 hivi iliyopita. Aliunganisha uso uleule mkavu na bakuli la supu, kisha na maiti kwenye jeneza. Inasimuliwa kwamba watu waliona njaa, halafu huzuni. Kwa hiyo fundi hana haja ya kushika kichwa na kulia. Mpe kazi. Asokote pamba iliyolowekwa mafuta, aishindilie kwa patasi katikati ya mbao, agonge kwa nyundo ya mti. Acha mdundo huo uende sekunde 20 mpaka sikio liuzoee. Kisha ajaribu ubao kwa msumari, nao uzame bila kugongwa. Nyundo inyamaze. Kaa na uso wake sekunde tano. Halafu aanze kugonga tena, kwa kasi zaidi. Kinanda kikiingia hapo, kimeua kila kitu.

Mimi naegemea nyundo, ingawa ni njia ngumu zaidi. Kimya kinataka maikrofoni iliyovikwa manyoya, la sivyo upepo wa kusi utajaza kila pengo. Na bahari haisubiri: maji hujaa takriban dakika 50 baadaye kila siku, kwa hiyo uso uliopigwa leo saa nne hauungani na picha pana ya kesho saa nne. Piga picha pana na uso siku moja. Mikono inaweza kungoja, maana nyuma yake ni ubavu wa jahazi tu.

Tendo la mwisho ndilo litakaloonyesha kama mgogoro ulijengwa vizuri. Asubuhi watu wanasukuma, jahazi linaelea, nahodha anaita abiria. Fundi asiseme neno. Apande.