Sura ya Hamsini na Tatu

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye kwa leo naendelea kumwita hivyo kwa kujikaza tu, ameshawatangazia watu kwamba nimetunga kitabu kipya cha Biblia, naomba nisahihishe: kitabu kipo, tena ni cha siku nyingi sana. Nilichotunga mimi ni sura.

Alhamisi jioni jumuiya yetu ilikutana kwa mama mmoja jirani, na baada ya somo tukabaki na chai, maandazi na yale maswali ambayo mtu huona haya kumpelekea mchungaji. Balaa langu ni kwamba nilianza vizuri. Aliyedai kwamba mamajusi walikuwa watatu nilimfungulia Mathayo 2, akaona mwenyewe kwamba zilizotajwa ni tunu tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane, wala idadi ya watu haimo. Aliyesema Hawa alikula tufaha nilimwonyesha kwamba Mwanzo 3 inataja tunda tu. Watu wakaanza kuniita mwalimu na mimi, ndugu zangu mnaonisoma, nikaanza kuitika.

Ndipo kijana mmoja akauliza ni wapi Mungu amesema "jisaidie nikusaidie." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, kwa hiyo nikajibu hata kabla ya kumeza: "Mithali." Mzee wa kanisa, ambaye husoma sura moja ya Mithali kila siku kwa sababu sura ni 31 na zinamtosha mwezi mzima, akasema kwa upole kwamba hajawahi kulikuta neno hilo humo. Mtoto wa mwenyeji, wa miaka minne hivi, naye akamuuliza mama yake kwa sauti kama ni kweli Mungu humfuata mtu mpaka chooni.

Watu wakaangua kicheko. Ningecheka nao, mambo yangeishia pale. Badala yake nilikohoa kidogo, nikasema kwamba neno hilo limo katika kitabu cha Yoshua bin Sira ambacho, niliwaeleza kwa huruma, sisi Walutheri wa vitabu 66 hatunacho, ila wenzetu Wakatoliki wanacho katika vitabu vyao 73. Kitabu hicho nilikichagua kwa hesabu kali: hapakuwa na mtu wa kukifungua.

"Sura ya ngapi, baba?"

Sauti ilitoka kwenye kona ya kochi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mama mkwe wa mwenyeji wetu alikuwa mgeni pale tangu wiki iliyotangulia, na kwamba kwao ni Kibosho, ambako, kwa msioijua Kilimanjaro, Ukatoliki umeota mizizi kama Ulutheri ulivyoota Machame.

"Ya hamsini na tatu, bibi," nikasema, maana niliona namba kubwa itampa uvivu.

Akauvuta mkoba wake. Zipu ya jalada la ile Biblia ilizunguka pande tatu, na kila jino lake nililisikia likiachia. Ikatoka Biblia, ikatoka na picha ya Bikira Maria iliyowekwa kuwa alama, kisha ikafuata miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akalamba kidole. Akafunua. Akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele moja. Mzee wa kanisa akamulika kwa tochi ya simu, jambo ambalo bado sijamsamehe. Hakuna aliyekuwa akitafuna. Mimi nilikuwa nimeshika nusu ya andazi hewani, mafuta yake yakinishuka taratibu kuelekea mkono wa shati.

"Naona ya hamsini na moja," akasema, "halafu naona Isaya."

"Labda ni toleo, bibi."

Akalitafakari jibu hilo kwa heshima kuliko lilivyostahili, akalamba kidole tena, akarudi mpaka sura ya 5, na akatusomea polepole mahali panapomwagiza mwenye kuelewa amjibu jirani yake, na asiyeelewa aweke mkono kinywani. Mkono wangu ndio uliokuwa na andazi. Nikatii hivyo hivyo, pamoja na andazi lenyewe.

Yaliyobaki ni mafupi. Tukasali, nikaaga kabla ya wote, na nyumbani nikapekua mpaka usiku wa manane nikakuta kwamba Mungu nilimsingizia: maneno hayo ni mafunzo ya hekaya ya Esopo, msimulizi wa Wagiriki wa kale, ya mtu aliyekwamisha mkokoteni akakaa kumlilia Herakle, shujaa waliyemwabudu Wagiriki hao, badala ya kusukuma gurudumu, na Benjamin Franklin wa Marekani aliyachapisha katika almanaka yake ya mwaka 1736. Kwa maneno mengine, nimemtetea Herakle mbele ya mzee wa kanisa. Rafiki yangu sasa ananisalimu "bin Sira," na anaeneza kwamba nilisema sura ya mia moja, jambo ambalo ni uongo mtupu.

Zamu ya kuongoza somo Alhamisi ijayo ni yangu. Bibi alikuwa arudi Kibosho Jumanne, lakini nasikia amesogeza mbele tiketi yake ya basi.