Mnara juu ya paa na picha tatu za kifua

Wiki iliyopita, baada ya sala ya isha, karatasi ilipita barazani kwetu Kibokoni. Kampuni moja ya simu imekodi paa la ghorofa la jirani ili isimamishe mnara, na wazee wa mtaa wanakusanya sahihi za kuupinga kwa hoja moja: mionzi itatuletea saratani. Karatasi ilipofika kwangu, pembeni alikuwa ameketi mama aliyempakata mwanawe mwenye kikohozi kisichokwisha. Mtoto huyo amepigwa eksirei ya kifua mara tatu ndani ya wiki tano, katika zahanati tatu, na hakuna hata moja iliyouliza kama ana picha ya awali. Mama alikwisha kutia sahihi ya kuukataa mnara. La eksirei hakulitaja, na hakuna aliyelitaja.

Naona tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Mionzi tunaita yote, ilhali mwilini haifanyi kazi moja. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ikipita ndani ya seli hupasua molekuli za maji, na vipande vyake huvamia vinasaba. Mara nyingine mionzi yenyewe huukata uzi wa vinasaba moja kwa moja. Seli hujitengeneza, na mara nyingi hujitengeneza vizuri. Ikikosea, kosa hubaki pale, na saratani yaweza kuzuka miaka mingi baadaye. Mawimbi ya simu na Wi-Fi hayana nguvu hiyo. Hata mwanga wa taa ya chumbani huyashinda. Linalojulikana kwa yakini ni kwamba hupasha joto, na viwango vya usalama vimewekwa ili joto hilo lisifike pa kudhuru.

Je, wazee wanaogopa bure? Sisemi hivyo. Mwaka 2011 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Interphone uliofanywa katika nchi 13 haukuona ongezeko kwa watumiaji wa simu kwa jumla, ila wale waliozidi wenzao kwa kuongea, saa 1,640 na kuendelea, walionekana kuwa na uwezekano wa asilimia 40 zaidi wa kupata uvimbe wa ubongo uitwao glioma. Watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa kumbukumbu za wagonjwa huenda zilipotosha hesabu. Halafu mwaka 2018, huko Marekani, panya madume waliomiminiwa mawimbi makali mwili mzima kwa saa tisa kila siku walipata uvimbe wa moyo. Ajabu ni kwamba waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa. Mapitio makubwa yaliyoagizwa na WHO na kutolewa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Kundi hilo la 2B lina pia dondoo la jani zima la mmea wa shubiri (aloe vera). Eksirei iko kundi la 1, la vitu vilivyothibitika.

Na hata anayeihofia simu, mnara si mahali pa kuielekeza hofu hiyo. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi hushuka hadi robo, ndiyo maana simu iliyo sikioni hukipa kichwa chako mawimbi mengi kuliko mnara wa paa la jirani. Zaidi ya hayo, ndani ya nyumba zetu hizi za kuta nene za mawe ya matumbawe mtandao hufifia, nayo simu huongeza nguvu kuutafuta mnara ulio mbali. Ukisogea karibu, simu hutulia.

Ila kuna hoja moja ya mtaa nisiyoweza kuipuuza: hatukuulizwa. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika mambo ya mazingira. Tena paa lile ni kuukuu, na jenereta ya mnara italala na kuamka nasi. Karatasi ingeandikwa hayo, ningetia sahihi kwa mikono miwili.

Turudi kwa mtoto. Picha moja ya kifua ni takriban milisivati 0.1, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, na ardhi, anga na chakula humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Wakaao karibu na kilima cha Mrima, kule Kwale, hupata zaidi kwa sababu ya thoriamu, madini yenye mionzi, iliyo udongoni. Kwa hivyo picha ile ni sawa na wiki mbili za kuishi tu. Sitaki mzazi aikimbie. Kifua kikuu kinachoonekana mapema kinatibika, na hatari ya kukikosa ni kubwa kuliko ya picha.

Kinachonitia wasiwasi ni mazoea. Sitiskani (CT scan) ya tumbo, inayounganisha picha nyingi za eksirei, ni kama milisivati 8, zaidi ya miaka mitatu ya mionzi ya asili kwa mara moja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kila sitiskani 10,000 za kichwa kwa watoto walio chini ya miaka kumi huongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika mwongo unaofuata. Ni wachache, na mtoto aliyeumia kichwa anaihitaji picha hiyo. Lakini asiyeulizwa kama ana picha ya awali ya kifua hataulizwa hata kama ana sitiskani ya awali. Alice Stewart, daktari mtafiti wa Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walikufa kwa saratani karibu mara mbili ya wengine, na bado ilichukua miaka mingi madaktari kuacha mazoea yale.

Nilimwambia yule mama kwamba picha tatu hazijamdhuru mwanawe kwa kiasi cha kumkosesha usingizi, lakini azichukue zote. "Haya, kaka," akasema. Kesho yake alikwenda nazo ndani ya bahasha moja. Daktari alizitazama kwenye mwanga, moja baada ya nyingine, na ya nne hakuiagiza.