Tuache kuwaambia watoto kwamba mmea unakula udongo

Nilifanya ujinga. Mwanangu wa miaka mitano alikuwa amepanga mbegu nne za maharage ndani ya glasi, kati ya kioo na pamba yenye unyevu. Tatu zikatoa mzizi. Ya nne ikaoza, ikaanza kunuka. Kwa huruma nikaamka usiku nikaitoa na kuweka nyingine nzima. Asubuhi akaikagua, akasema, "Hii siyo yangu. Yangu ilikuwa na doa." Nikaumbuka.

Kumbe ile iliyooza ndiyo iliyokuwa na somo. Ilikuwa imekaa chini kabisa, imezama majini, ilhali wenzake walikuwa na unyevu tu. Mbegu inapumua, ukiizamisha muda mrefu inakosa hewa. Angeweza kuligundua hilo mwenyewe kwa kulinganisha, mimi nikamnyang'anya.

Nadhani tunawaharakisha watoto. Tunabandika chati ukutani, wanaimba mzizi, shina, jani, ua, basi tunahesabu wamejua. Waulize kama mmea una uhai. Wengi watakataa, kwa sababu hautembei. Badala ya kubishana nao, laza ile glasi ubavu. Baada ya siku moja au mbili ncha ya mzizi itakuwa imekunja kuelekea chini, na chipukizi limegeuka kwenda juu. Wangu aliniuliza nani kauambia mzizi chini ni wapi. Swali hilo lilinishinda kidogo.

Lakini kinachonikera zaidi ni habari ya chakula. Sisi wenyewe husema mmea unakula udongo, na mbolea tunaiita chakula chake. Mtoto anaamini, na anakua na imani hiyo. Mkemia na tabibu wa Ulaya, Jan Baptist van Helmont, alilipima jambo hili zamani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alipanda mche wa mti kwenye chungu chenye udongo wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafikia kilo 77 hivi, udongo ukapungua kwa gramu 60 tu, pengine pungufu. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Naye alikosea, maana hewa hakuihesabu. Sehemu kubwa ya mti ule ilitoka kwenye hewa, majani yakiitengeneza kuwa chakula kwa nguvu ya mwanga. Kutoka kwenye udongo mmea huchukua maji na madini kidogo, ambayo unayahitaji kweli, ila hayo siyo ugali wake.

Sasa mweleze hayo mtoto wa miaka mitano uone atakavyokukodolea macho. Glasi inaeleza vizuri zaidi. Humo hamna udongo hata chembe, na mharage unakua. Yale mapande mawili ya mbegu yananywea siku hadi siku, kwa kuwa ndiyo akiba uliyofungashiwa.

Tulipanda miwili mingine, mmoja dirishani, mwingine tukaufungia kabatini. Baada ya wiki, wa kabatini ulikuwa mrefu kuliko mwenzake! Mwanangu akatangaza kwamba mimea inapenda giza. Ulimi uliniwasha. Nilijua urefu ule ni wa kuhangaika kutafuta mwanga, na kwamba akiba ikiisha hauna pa kupata nyingine. Nikanyamaza. Safari hii nilinyamaza.

Siku ya kumi na moja tulifungua kabati tukaukuta umelala, shina jembamba kama uzi, vijani vya njano. Alikaa kimya kidogo, akauegemeza kwenye kijiti, kisha akabeba kopo lake mpaka dirishani bila kuniuliza. Vijani vimeanza kuingia kijani. Kila asubuhi anakwenda kuuchungulia kabla hajanawa uso. Bado hajauliza unakula nini, nami sijamwambia.