Malerkotla: baraka peke yake haielezi idadi ya watu

Kila ikitajwa Malerkotla, mji wenye Waislamu wengi katika jimbo la Punjab kaskazini mwa India, simulizi ni lile lile. Mwanzoni mwa karne ya 18 Nawabu (mtawala Mwislamu wa mji) Sher Mohammad Khan alipinga kuuawa kwa wana wawili wadogo wa Guru Gobind Singh, kiongozi wa Masingasinga, waliojengewa ukutani wakiwa hai kule Sirhind. Guru akaubariki mji, ndiyo maana mwaka 1947, India na Pakistan zilipogawanyika, damu haikumwagika humo. Sibezi imani hiyo. Masingasinga waliiheshimu, na mwaka ule heshima hiyo iliokoa roho za watu.

Ila simulizi limesafishwa mno. Nawabu huyo huyo alipigana upande wa Wamughal, watawala wa India wakati huo, dhidi ya Guru, akafa vitani Chappar Chiri mwaka 1710 akikabiliana na jeshi la Banda Singh Bahadur, kamanda wa Masingasinga. Miaka ya 1790 Sahib Singh Bedi, wa ukoo wa Guru Nanak, mwanzilishi wa Usingasinga, aliuvamia mji kwa ugomvi wa kuchinja ng'ombe, na aliyekuja kuutetea alikuwa mtawala wa Patiala, naye Singasinga. Januari 1872 Wakuka, kundi la madhehebu ya Masingasinga, walishambulia mji tena, na ofisa Mwingereza aitwaye Cowan akawalipua makumi yao kwa mizinga bila kesi. Huo mji uliobarikiwa, mbona haukupata utulivu?

Kinachosahaulika ni dola, yaani utawala wa mji wenyewe. Ukoo wa nawabu ulianzia kwa Sheikh Sadruddin, aliyepewa ardhi na Bahlul Lodi, sultani wa Delhi, katikati ya karne ya 15, na mwaka 1947 Malerkotla bado ilikuwa na mtawala wake na kikosi chake cha askari wahandisi. Waislamu waliokimbia mauaji ya Patiala, Nabha na Ludhiana walipata pa kukimbilia. Wengi walivuka kwenda Pakistan, wengine wakabaki, na mji ukaingia katika PEPSU, muungano wa Patiala na madola mengine ya Punjab Mashariki, mwaka 1948 ukiwa na watu wake.

Matokeo yake yanaonekana kwenye sensa ya 2011: wakazi 135,424, Waislamu asilimia 68.5, Wahindu karibu 21, Masingasinga 9.5. Punjab nzima ilikuwa na Waislamu 535,489, yaani asilimia 1.93 tu. Piga hesabu: Waislamu kama 92,800 wa mji huu peke yao ni zaidi ya mmoja kati ya kila sita wa jimbo zima.

Wengi hukosea hapa. Wanafungua jedwali la wilaya ya Sangrur, ambako Malerkotla ilihesabiwa wakati huo, wanaona Waislamu asilimia 10.8, halafu wanadai takwimu za mji zimetiwa chumvi. Wilaya ile ilikuwa na watu 1,655,169, wengi wao wakiwa Masingasinga wa vijijini. Angalia safu ya baraza la mji, si ya wilaya wala ya tehsil (tarafa ndani ya wilaya). Na ukilinganisha na takwimu mpya, kumbuka Malerkotla ilifanywa wilaya kamili mwaka 2021, kwa hiyo jina ni lile lile ila mipaka ni mingine.

Sensa ya 2021 haikufanyika. Inayofuata imepangwa 2027. Anayekutajia "idadi ya sasa" ya Malerkotla hadi tarakimu ya mwisho anakupa makadirio, hata kama tovuti yake ina rangi nzuri.